Mwaka Nilioacha Kutafuna Kahawa

Ishengoma amekufa, na mimi niliyeambiwa na daktari kwamba nisitegemee kuzeeka ndiye niliyepanda gari kutoka Bukoba hadi Muleba kwenda kumzika. Watu waliokaa karibu nami kanisani walidhani mimi ni ndugu wa mbali, labda shangazi aliyeolewa Karagwe, na sikuwasahihisha. Utamwelezaje mtu msibani kwamba ulikuwa uwe mke wa marehemu, kwamba mahari ilikuwa imeshaanza kutolewa, na kwamba ulikataa wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya wazee, ukiwa msichana wa miaka kumi na minane? Mambo hayo hayaelezwi kwenye foleni ya kutoa rambirambi. Nayasimulia hapa kwa sababu wengi waliokuwepo wamekwisha, na sipendi mambo yangu yasimuliwe na wasiokuwepo. Ulikuwa mwaka mmoja tu, bendera ya Mwingereza bado inapepea pale bomani Bukoba, na katika mwaka huo ilinibidi nichague kati ya kuolewa na kubaki hai. Leo nikiandika sentensi hiyo naiona fupi na nyepesi. Wakati ule haikuwa nyepesi hata kidogo.

Ugonjwa wenyewe ulinianza utotoni kwa homa na kuvimba viungo, ukapoa, nyumbani wakausahau. Mwaka huo nikiwa nimeshachumbiwa ukarudi kwa mlango mwingine. Nilianza kuishiwa pumzi nikipandisha maji kutoka kisimani, miguu ikavimba, na nikawa silali ila nimeketi, nimeegemea ukuta. Kisha asubuhi moja, nikiwa napalilia kwenye kibanja chetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba, moyo ulianza kukimbia bila mpango wowote, mara haraka, mara unasita, mara unaruka. Nikakaa chini kwenye majani makavu ya migomba nikingoja utulie. Haukutulia siku hiyo, wala kesho yake. Wakanipakia juu ya lori la magunia ya kahawa, na hivyo ndivyo nilivyoingia Bukoba mjini kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nimeegemezwa kwenye magunia, naangalia mawingu tu. Nilikuwa nimeota kuuona mji ule miaka mingi, na nilichouona ni paa la hospitali.

Daktari alikuwa Mwingereza mrefu mwenye uso wa mtu aliyechoka. Aliongea Kiingereza, na dresa mmoja, msaidizi wa hospitali, Mhaya wa kwetu, alitafsiri. Walinipima kwa namna ambayo sijaisahau: daktari aliweka kile chombo cha masikioni kifuani pangu, na dresa akanishika kifundo cha mkono kwa vidole, wote wawili wakahesabu kwa pamoja wakiitazama saa ileile. Walipomaliza, hesabu zao hazikulingana. Nilidhani dresa amekosea na atagombezwa. Kumbe ndivyo ulivyo ugonjwa huo, moyo unapiga mara nyingi kuliko mapigo yanayofika mkononi, mengine yanapotelea njiani. Dresa akanieleza. "Una magonjwa mawili, dada. Moyo una milango. Mmoja umekakamaa, haufunguki sawasawa, damu inarundikana nyuma yake, ndiyo maana unahema. La pili, moyo wenyewe umepoteza mwendo, unapiga ovyo. Na haya mawili yanasaidiana kukuumiza." Nikamwambia amwulize daktari nitapona lini. Hakulitafsiri swali hilo. Alinitazama, akasema, "Utakunywa dawa."

Dawa zilikuwa vidonge vyeupe vidogo, nikaambiwa vinatokana na majani ya ua la Ulaya, vya kuufanya moyo upunguze kasi. Juu yake kila wiki nilipaswa kudungwa sindano ya kutoa maji mwilini, na siku ya sindano nilishinda chooni. Kisha yakaja makatazo. Nisilime. Nisichote maji. Nisipande mlima, na Bukoba nzima ni milima. Nisile chumvi. Nisinywe rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nisitafune wala kunywa kahawa, maana kahawa, alisema daktari, inaushtua moyo. Alivitaja vitu vinavyomfanya mtu awe Mhaya akavifuta kimoja baada ya kingine, na dresa akatafsiri sauti yake ikizidi kushuka, hadi alipofika kwenye kahawa akamgeukia daktari na kuuliza tena kama amesikia vizuri. Alikuwa amesikia vizuri.

Kwa sababu ya sindano sikuweza kurudi Muleba. Nikawekwa Buhembe, kilimani karibu na mji, kwa shangazi yangu, Leya, mjane wa Kilutheri aliyeimba sauti ya pili kwenye kwaya na kuongea kwa sauti ya kwanza kila mahali pengine. Alinipenda, na alikuwa na kelele, na vyote viwili nilivihitaji. Alinipa chumba kidogo cha mwisho. Sakafu iliwekwa nyasi mpya kila Jumamosi, na kwa siku mbili za kwanza chumba kilinukia kama porini. Ukuta mmoja ulikuwa wa matete yaliyopakwa udongo, na nyuma yake kulikuwa na stoo ambamo shangazi alihifadhi kahawa yake. Hivyo nililala mwaka mzima nikivuta harufu ya kitu nilichokatazwa. Mchana shangazi alikuwa shambani, wajukuu zake shuleni, na mimi nilikaa kwenye kigoda mlangoni nikisikiliza moyo wangu. Mtu mwenye moyo mzima hausikii. Mimi niliusikia ukienda, ukikwama, ukienda tena, na kila ulipokwama nilijiuliza kama ndiyo basi. Jioni familia yote ilikaa kuzunguka ndizi zilizopikwa na maharage, zimemwagwa juu ya jani la mgomba, mikono yote ikienda mahali pamoja. Mimi nilipikiwa kwenye chungu changu kidogo, bila chumvi, nikala pembeni. Hakuna aliyeniambia nikae pembeni. Lakini jani lilikuwa moja, chakula changu kilikuwa kingine, basi utakaa wapi?

Sasa niseme kuhusu kahawa, kwa sababu vijana wa siku hizi wanaijua ya kikombe. Kwetu mgeni akiingia huletewa kahawa kavu za kutafuna, akamwani, zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri zikaanikwa, ndani ya kikapu kidogo. Anayezileta hutafuna moja kwanza mbele ya mgeni ili ionekane hazina sumu. Halafu mgeni huchukua. Kuzikataa kwa mtu ni sawa na kumwambia usoni: nakujua, wewe unaua watu. Na kuzileta bila kuzionja ni kubaya zaidi. Katika nyumba ya shangazi msichana mkubwa nilikuwa mimi, kwa hiyo kikapu kilikuwa changu. Wiki ya kwanza walikuja wanawake wawili wa kanisani kunijulia hali. Nikapiga magoti, nikasalimia, nikaweka kikapu mbele yao, na nikaacha hapo. Wakangoja. Nikatabasamu. Wakatazamana, wakachukua kahawa mbili mbili, wakazifunga kwenye ncha za khanga zao wakisema watazitafuna njiani. Asubuhi shangazi alizikuta kahawa zote nne zimetupwa kwenye migomba, hata hazijafika barabarani.

Shangazi alijitahidi kuwaeleza majirani. Ana ugonjwa wa moyo, aliwaambia, daktari amemkataza. Lakini wakati ule ugonjwa wa moyo kwetu maana yake ilikuwa huzuni, au kisirani, na hakuna aliyewahi kusikia huzuni inayomzuia mtu kutafuna kahawa. Nikienda kwao ilikuwa vilevile. Kwa Ma Tereza, jirani Mkatoliki ambaye kibanja chake kilipakana na chetu, niliikataa kahawa mara moja tu, kwa heshima zote, nimeshika kifua kumwonyesha panapouma. Alirudisha kikapu chake ndani. Tangu siku hiyo akipita alimsalimia shangazi kwa sauti, "Wasibota, Leya!", na mimi niliyekaa mlangoni palepale hakuniona. Wageni walipungua, kisha wakakoma. Nilikuwa nimeambiwa moyo wangu ulinde, nikaulinda, na kila nilivyoulinda watu walisogea mbali zaidi. Niliumia. Nilikuwa binti wa kwenye magenge ya wasichana, wa kucheka kisimani mpaka ndoo inamwagika, na sasa ilipita wiki nzima nisiongee na mtu ila shangazi na dresa wa sindano.

Mwaka juzi, kliniki, daktari kijana wa moyo alinipima kwa mashine inayochora mapigo kwenye karatasi, akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia kwa majivuno kwamba kahawa sijaigusa tangu enzi za Mwingereza. Alicheka. "Bibi, nani alikukataza? Kahawa kidogo haina neno kwa mapigo yako. Chumvi ndiyo, hiyo endelea kuiacha." Nilimtazama mtoto yule na meno yake meupe na nilitaka kumchapa. Si kosa lake. Wala sidhani ni kosa la yule Mwingereza, alisema kilichojulikana siku zile, na mengine aliyosema yalikuwa kweli kabisa. Lakini nilitoka pale nikaketi kwenye benchi nje, nikawakumbuka wanawake wa Buhembe mmoja mmoja, na nililia kwa hasira hadi muuza ndizi akaniuliza kama nimefiwa.

Ishengoma alikuja kuniona msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Alikuwa karani wa mizani mahali wanaponunua kahawa kule Muleba, kijana mwembamba, mcheshi, asiyeweza kukaa kimya hata ungemlipa, na alitoka kwao kwa baiskeli kabla ya mapambazuko akafika Buhembe vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Alikuwa amefunga senene waliokaangwa ndani ya jani la mgomba, wamekaangwa na mama yake mwenyewe, salamu kwa mkamwana. Nikalifungua jani. Nikaona chembe za chumvi zinametameta kwenye mbawa. "Kula wewe," nikamwambia. Akasema hawezi kula zawadi aliyoileta mwenyewe, hiyo ni mila ya wapi? Nikamweleza. Alikaa juu ya nyasi pale sakafuni akala, mmoja mmoja, akinitazama, na nilimwona hauoni utamu wao. Alipomaliza akaniuliza, "Sasa ukija kwetu utakula nini?" Nikamwambia nitakuja na chungu changu. "Basi chungu kitakaa jikoni kwa mama, na yeye atakionja kila siku aone kama unamficha kitu kizuri," akasema, na nilicheka mpaka nikaishiwa pumzi, akaogopa, akaacha kunichekesha. Hakuna mwaka mwingine ambao nilimpenda mtu namna ile. Nasema hivyo wazi, nina umri wa kusema.

Muda si mrefu baadaye daktari aliona moyo bado unakimbia akaniongezea vidonge. Ndipo nilipoanza kutapika. Nilitapika asubuhi nikiamka, nilitapika nikinusa ndizi zinazochemka, chakula kikanikinaisha kabisa. Na macho yakaniharibikia: vitu vyote vikawa na rangi ya njano. Nyasi za sakafuni, kanzu ya mchungaji, ziwa lenyewe ukilitazama kutoka kule juu Buhembe, vyote vya njano, na taa ikiwashwa ilizungukwa na duara. Sikumwambia mtu habari ya macho. Nilidhani ndivyo mtu anavyoanza kufa, na kwamba nikikaa kimya labda kitapita. Kutapika hakufichiki. Nikiwa nimelala chumbani mwangu nilimsikia Ma Tereza ameingia kwa mlango wa nyuma, wako stoo na shangazi, wanachagua kahawa, naye akasema kwa Kihaya bila hata kupunguza sauti kwamba msichana aliyechumbiwa akitapika asubuhi hahitaji daktari, anahitaji arusi ya haraka. Shangazi akamwambia akome. "Nikome nini, Leya? Yule kijana si alikuja? Si walikaa chumbani?" Kisha sikusikia kitu, ila kahawa zikianguka kwenye ungo. Shangazi alikuwa anahesabu kichwani mwake tangu siku ya senene.

Siku ya sindano alinifuata hospitali. Aliniacha nimekaa kitandani nyuma ya pazia la kitambaa, akamvuta dresa kando, akamwambia hofu yake, na dresa akamwambia daktari. Wote watatu walikuwa hatua chache tu kutoka nilipo. Daktari alinipima tumbo, akaniuliza kuhusu damu yangu ya mwezi, akaniuliza kuhusu macho, na hapo nikakiri njano. Hakushangaa. Akasema dawa imezidi, niiache siku kadhaa kisha nipunguze, hakuna mimba. Akarudi upande wa pili wa pazia. Nilimsikia akisema maneno mengi mfululizo, kwa sauti ya chini, na nikamsikia dresa akitafsiri kwa shangazi. "Anasema mshukuru Mungu si mimba. Moyo huu hauwezi kubeba damu ya watu wawili. Mlango umekaza na mapigo yamevurugika, mzigo ukiongezeka atajaa maji mapafuni. Anasema asizae. Akizaa atakufa." Shangazi akauliza kama kuna dawa. Dresa akasema, "Ya hilo hapa hatuna." Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda kile, miguu inaning'inia, na dirishani palikuwa na ukuta wa njano ambao kwa kweli ulikuwa mweupe.

Tukarudi nyumbani kwa toroli ya mtu aliyekuwa anapeleka mafuta ya taa, mimi juu, shangazi anatembea kando ameshika ukingo. Hakujua kama nimesikia. Nilipomwambia nimesikia, akasimama katikati ya njia, akasema jambo ambalo simlaumu kwa kulisema. "Hao ni Wazungu. Wamesema mangapi? Mungu anafungua alipofunga mtu. Wewe nyamaza, olewa, mengine tutaomba." Alikuwa ananitakia mema. Mwanamke wa kwetu asiyeolewa alikuwa nini? Nani angemlisha, nani angemzika? Alikuwa ananichagulia miaka michache yenye jina badala ya miaka mingi isiyokuwa nalo. Na kwa siku kadhaa nilikubaliana naye, maana nilimtaka Ishengoma na nilitaka kurudi kukaa kwenye jani moja na watu.

Maneno ya Ma Tereza yalifika Muleba kabla ya yetu, yamebebwa na lori gani sijui. Kwamba mchumba wa Ishengoma anakataa kahawa za watu. Kwamba anatapika. Basi ukweni wakaja kujionea. Alikuja Tata Kagaruki, baba mkubwa wa Ishengoma, mzee wa kanisa, na mzee mwingine wa ukoo, na Ishengoma nyuma yao. Shangazi alikuwa ametandika nyasi mpya ingawa haikuwa Jumamosi. Jikoni alinishika mabega yote mawili. "Moja tu, Koku. Moja haiui. Tafuna moja, tabasamu, wataona huna tatizo, watarudi zao, arusi itakwenda." Nikachukua kikapu. Nilijua anasema kweli, kahawa moja isingeniua. Kilichokuwa ndani ya kikapu kile hakikuwa kahawa tu. Nikitafuna nimesema: niko mzima, nichukueni. Na wao wangenichukua kwa kuniamini, na Ishengoma angekuwa baba wa mtoto wa marehemu.

Nikapiga magoti mbele yao. "Kampire waitu," nikawaamkia, nikaweka kikapu. Tata Kagaruki hakunyoosha mkono. Alinitazama, akangoja, kwa upole, kama anavyongoja mzee anayekupa nafasi. Nikasikia moyo wangu unakimbia, unakwama, unakimbia. Nikasema, "Tata, mimi sitafuni kahawa. Si kwamba nina ubaya na mtu. Moyo wangu ni mgonjwa, magonjwa mawili kwa pamoja, na daktari amenikataza. Na amesema nisizae. Nikizaa nitakufa. Sitaki mwoe mtu ambaye hamjaambiwa hali yake." Hapakuwa na msichana aliyewahi kutamka neno kuzaa mbele ya wazee wa mchumba wake, na sijui kama amepatikana mwingine. Shangazi alitoa sauti pale mlangoni akajifunika uso kwa khanga. Tata Kagaruki akachukua kahawa moja kutoka kwenye kikapu nisichokionja, akaitia mdomoni, akaitafuna mpaka ikaisha. Alikuwa mtu wa heshima kuliko wote niliowajua. "Umefanya vizuri kusema, mwanangu," akasema. Kisha akasimama na kuchukua fimbo yake, na nikajua imekwisha.

Walitangulia wazee. Ishengoma alibaki akisema anafunga mnyororo wa baiskeli, na mnyororo ulikuwa mzima. Akaja kwenye kigoda changu mlangoni. "Mbona hukuniuliza mimi kwanza?" Sauti yake ilikuwa na hasira, na nilifurahi kuisikia.

"Ningekuuliza nini?"

"Kama nataka watoto."

"Unataka?"

Yeye ndiye alikuwa mtoto wa kiume wa pekee. Kibanja cha baba yake, migomba iliyopandwa na babu, makaburi yaliyomo ndani, vyote vilimngoja yeye na watakaotoka kwake. Alitazama mikono yake. "Ningejaribu kutotaka," akasema.

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno la kweli zaidi ya hilo. Nikamwambia arudi nyumbani. Akanishika mkono, pale pale dresa anaposhika, nikaona ametafuta mapigo kwa kidole gumba, ameinamisha kichwa. "Yanachelewa," akasema. Nikamwambia hayachelewi, mengine hayafiki kabisa. Alikaa ameshika hivyo hadi shangazi alipokohoa ndani. Kisha akapanda baiskeli akaenda.

Nilibaki Buhembe hadi mwaka ukaisha. Ukweli haukuwarudisha majirani, sasa walikuwa na sababu mpya ya kukaa mbali, maana msichana asiyezaa si jambo la kuzoeana nalo kama una binti zako. Nilikunywa vidonge vyangu vilivyopunguzwa, nikadungwa sindano zangu, rangi zikarudi. Miaka iliyofuata nilipelekwa Kampala, wakanipasua ubavuni, na daktari akaingiza kidole ndani ya moyo unaopiga akaupanua ule mlango. Nilipona nusu. Mapigo hayakurudi kwenye mpango hata leo, nameza vidonge vya kuyazuia na vya kuzuia damu isigande, na nimefundisha darasa la kwanza hadi nikastaafu. Umri wa kuzaa ulinipita nikingoja daktari mmoja aseme sasa inawezekana. Sikuolewa. Nimekula peke yangu chakula kisicho na chumvi katika nyumba nzuri niliyoijenga mwenyewe, na watu wakiniambia nina bahati kwa kuishi miaka hii yote huwa naitikia ndiyo.

Na Ishengoma alioa, akaendelea na maisha yake, kama inavyopaswa. Sikumtafuta. Muleba si mbali, lakini sikumtafuta. Hivyo pale msibani, baada ya udongo kurudishwa na watu kuanza kutawanyika, nilishtuka mjane wake aliponiita kwa jina. Ma Anjelina. Alikuwa amekaa chini kwenye nyasi na binti zake, mwanamke mnene, uso mpana, macho yamekauka kwa kulia. "Wewe ndiye Kokushubira," akasema. "Kagaruki aliniambia habari zako zamani, kabla hajafa. Jina tu, na kwamba ulikuwa mgonjwa. Njoo." Nikainama. "Nataka kukuuliza jambo, maana mwenyewe hakunijibu mpaka amekwenda. Nimezaa watoto saba. Kila nilipoanza uchungu yule mwanaume alikuwa si mtu tena. Anakaa chini nje ya mlango, hali, hanywi, anaita kutoka nje, 'Anjelina, bado upo?' Nikimjibu, anakaa kidogo, anaita tena. Wakunga walimcheka mpaka wakachoka. Mama yake alizaa salama, dada zake walizaa salama, mimi mwenyewe nilizaa bila shida yoyote. Nilimwuliza miaka yote, uliona wapi mwanamke anakufa kwa uzazi? Kimya. Yeye, kimya! Hujui wewe, alijifunza wapi kuogopa hivyo?"

"Najua," nikamwambia. "Alijifunza kwangu."

Alinitazama, akawatazama binti zake, wanawake wazima, wote hai, nao wana watoto wao. Kisha akawaambia wasogee, akapiga nyasi kwa kiganja pale kando yake, upande wa wafiwa, nami nikaketi.